Moyo Ulioelemewa: Ushairi na Utulivu wa Nafsi, Kutoka Ruharo Hadi Nakivale

Mtu anayekimbia vita hana nafasi ya kuchagua mengi. Humbeba mtoto, hushika sufuria moja na nguo zilizo karibu, akaondoka. Ng'ombe hubaki, shamba hubaki, na makaburi ya wazee hubaki. Lakini yale aliyoyahifadhi kichwani huenda nayo bila kuhitaji mchukuzi, wala hakuna mlinzi wa mpaka awezaye kuyapekua na kumnyang'anya. Miongoni mwa hayo ni sala, nyimbo za dini, na mashairi aliyoyasikia kwa mababu.

Katika jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, Ruharo ni mtaa wa sala na wa tiba. Hapo pana Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo, makao ya Dayosisi ya Ankole ya Kanisa la Uganda, na pia hospitali ya misheni ambayo huduma yake ya macho inajulikana mbali. Jiji hilo ni la askari vile vile, kwa kuwa kambi ya Simba imo humo tangu zamani. Na upande wa kusini-mashariki, katika Wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana watu zaidi ya 100,000 waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko.

Watu wa sala, watu wa silaha na watu wa ukimbizini huonekana kuwa mbalimbali, lakini wanakutana katika jambo moja. Wengi wao wanabeba moyoni mambo mazito ambayo hayasemeki wakati wa chakula. Mbarara yenyewe imeyaona hayo. Mwaka 1972 mji huo ulishambuliwa, na Februari 1979, katika vita vya Kagera, uliingiwa na majeshi ya Tanzania na sehemu yake kubwa ikabomolewa. Wapo wazee ambao hadi leo wakisikia kishindo hugeuka upesi kutazama mlango.

Hali hii huonekana zaidi nyumbani. Askari hurudi na mwili mzima, akapokewa kwa furaha, lakini usiku halali. Mkewe humwuliza kunani, naye hujibu kwamba si kitu. Watoto hujifunza kunyamaza baba anapoingia. Jambo lisilosemwa huwa kama mgeni aliyekaribia kuota mizizi ndani ya nyumba: hakuna aliyemwalika, wala hakuna ajuaye namna ya kumtoa. Katika nchi za Afrika Mashariki imekuwapo njia ya kale ya kumpa mgeni huyo jina lake na mahali pake. Njia hiyo ni ushairi.

SHAIRI LA MWENYE MKUKI

Ankole ilikuwa na ushairi wa askari kabla ya kuja kwa kalamu. Wanaume wa Kihima walikuwa na kisomo kiitwacho ekyevugo, yaani tungo ya kujisifu ambayo mpiganaji aliitunga mwenyewe kueleza alivyopigana, alikuwa na nani, na mambo yalitokea wapi. H. F. Morris alizikusanya tungo hizo na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1964. Mghani husimama mbele ya wenzake na kutamka kwa kasi kubwa, kila ubeti kwa pumzi moja, na anapofika mwisho wa ubeti waliomzunguka humwitikia kwa sauti.

Mtu akisikiliza juu juu atasema hayo ni majivuno tu. Lakini yafaa kutazama kilichokuwa kikifanyika. Mtu ametoka vitani na kichwa chake kimejaa kelele, vumbi na sura za waliokufa. Mila haikumwacha abaki nayo peke yake. Ilimtaka ayapange mambo hayo kwa utaratibu, ayape majina ya watu na ya mahali, ayatie katika pumzi, kisha ayaseme mbele ya mashahidi. Mashahidi nao walimjibu. Kwa hiyo jambo la vita lilipata mwanzo na mwisho, nalo likaacha kuwa la mtu mmoja.

Upungufu wake ni kwamba ekyevugo ilikuwa kazi ya sifa. Ilimfaa mshindi kuliko aliyeogopa, na ilimfaa aliyekwenda vitani kuliko mama aliyebaki akingoja. Kwa mambo hayo mengine yalihitajika mashairi ya namna nyingine.

WALIOKUJA NA TUNGO ZAO

Wanyarwanda waliofika Nakivale tangu zama za mwanzo walitoka katika nchi yenye tungo za aina hiyo hiyo ya kujisifu, pamoja na mashairi marefu ya kuwasifu ng'ombe. Warundi wana inanga, ala ya nyuzi ambayo mpigaji wake huimba kwa sauti ya kunong'ona, hata msikilizaji hulazimika kutulia ndipo asikie. Wasomali husifiwa duniani kuwa taifa la washairi. Wanaume wao wana gabay na wanawake wao wana buraanbur, na mashairi yamekuwa yakitumika kupatanisha koo zilizogombana. Lugha yao ilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo, tungo zilihifadhiwa na watu wenye kazi ya kukariri, nao walisaidiwa na kanuni ya kuirudia sauti moja ya herufi katika kila mstari.

Kanuni za ushairi, basi, hazikuwekwa ili kumsumbua mtungaji. Vina na mizani ni kamba za kufungia mzigo. Maneno yaliyofungwa vizuri hayadondoki njiani, hata safari ikiwa ndefu namna gani.

Wakongo wengi walioko Nakivale wanasema Kiswahili, nacho Kiswahili ni lugha ya jeshi nchini Uganda tangu enzi ya ukoloni. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Kwa sababu hiyo, hazina ya tenzi za pwani si mali ya watu wa pwani peke yao. Askari wa Mbarara na mkimbizi wa Nakivale wana haki ya kuifungua. Na humo ndimo yamo mashairi ambayo mtu hasemi na adui wala na mfalme, bali husema na moyo wake mwenyewe.

KUUULIZA MOYO

Katika mji wa Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi uitwao Al-Inkishafi, unaokisiwa kuwa wa mwanzoni mwa karne ya 19. Pate ilikuwa imetajirika, kisha ikaanguka. Mtunzi anatazama majumba ya fahari yaliyobaki magofu, yenye ndege na wadudu pale palipokuwa na karamu. Hata hivyo hamlaumu mtu yeyote. Anaugeukia moyo wake na kuuhoji: kwa nini hauzinduki, na umeshikamana na nini kisichodumu? Mtu aliyeiona Mbarara ya mwaka 1979, au aliyekiacha kijiji chake cha Kivu kikiwaka moto, hahitaji kufafanuliwa magofu ni nini. Anachoweza kujifunza kwa Sayyid Abdalla ni namna ya kuyatazama pasipo kutafuta wa kulipiziwa kisasi.

Wa pili ni mwanamke, tena mjane wa mpiganaji. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepambana kwa miaka mingi na masultani wa Zanzibar na kufariki mwaka 1856. Mwaka 1858 Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, na binti yake, Mwana Hashima, alikuwa bado kijana. Mama huyo akatunga utenzi wa beti zipatazo 100. Sehemu kubwa ni mawaidha juu ya dini, adabu na ndoa, na baadhi yake msomaji wa leo aweza kuyajadili. Lakini kuelekea mwisho utenzi unageuka kuwa dua: mama anamwomba Mungu amponye, na anawakabidhi kwake watoto na jamaa zake. Haukupita muda mrefu, yapata mwaka 1860, akaaga dunia. Utenzi haukumwondolea ugonjwa. Ulimpa mahali pa kuiweka hofu yake ya kuwaacha watoto, na ulimwachia binti kitu ambacho kifo hakikuweza kukichukua.

Wa tatu ni wa zama zetu. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alifungwa nchini Kenya kwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wa kisiasa alioueneza. Aliwekwa chumba cha peke yake. Humo alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri katika karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Ifahamike kwamba hayakuwa mashairi ya vina vya kubahatisha. Yalifuata kanuni kali za kale. Mtu aliyenyimwa kila uamuzi juu ya siku yake, hata saa ya kula na ya kulala, alibaki na utawala wa jambo moja: kuhesabu mizani zake mwenyewe.

PUMZI NA UTARATIBU

Je, utulivu huo unatoka wapi? Wenye imani watasema unatoka kwa Mungu, na vitabu vyao vina ushahidi wa zamani. Daudi alikuwa mchungaji na askari, na kinubi chake ndicho kilichomtuliza mfalme Sauli alipofadhaika. Zaburi zinazohusishwa naye hazifichi machozi wala hasira. Huanza mara nyingi kwa malalamiko na kumalizika kwa tumaini. Mathias Mnyampala wa Dodoma alizitia Zaburi katika utenzi wa Kiswahili. Waislamu nao wana kaswida, maulidi na nyiradi, na Uamsho uliotokea Rwanda katika miaka ya 1930 na kufika Ankole ulienea pamoja na kiitikio cha Kiganda cha Tukutendereza, kifupi na chepesi kukumbuka, kinachorudiwa hadi mkutano mzima unapumua pamoja.

Wataalamu wa tiba nao wameona jambo lao. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya kuwapima watu wazima 23 wenye afya njema. Walipowaambia wasali rozari kwa Kilatini, au wasome uradi wa watu wa yoga, pumzi zao zilipungua hadi karibu 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo kwa utulivu. Kumbe urefu wa maneno ndio uliotawala pumzi. Mshororo unaosomwa pole pole hulazimisha pumzi itoke kwa muda mrefu, na pumzi inayotoka kwa muda mrefu huupunguzia moyo kasi.

Jambo la pili ni utaratibu wa kisa, na ushahidi wake umetoka Nakivale kwenyewe. Mwaka 2008 Frank Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wakimbizi 277 wa Kinyarwanda na Kisomali waliokuwa na maradhi ya kiwewe. Washauri waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Katika njia mojawapo, mgonjwa alisimulia maisha yake tangu kuzaliwa hadi siku ile, mambo mema na mabaya kwa mfuatano wake, na mshauri akayaandika na kumsomea tena. Baada ya muda, watu 70 katika kila 100 waliotumia njia hiyo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kwa waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa 65, na kwa wale waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa 37.

Hiyo haikuwa tiba ya mashairi, wala isichukuliwe hivyo. Lakini inaonyesha jambo ambalo wazee wa ekyevugo na Mwana Kupona walilishika kwa njia yao. Jambo baya likibaki vipande vipande humvamia mtu wakati wowote. Likipangwa, likatamkwa na kusikilizwa na mtu mwenye huruma, huanza kurudi mahali pake, yaani katika siku zilizopita.

NAMNA YA KUANZA NYUMBANI

Familia isiyo na mshairi haina haja ya kuogopa. Utenzi ni bahari nyepesi kwa mwanafunzi. Ubeti mmoja una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane zinazoweza kuhesabiwa kwa vidole. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja. Kipande cha nne huwa na kina chake, ambacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utenzi ukamilike. Tuseme mama ambaye mumewe yumo katika zamu ya usiku anataka kueleza hali yake. Aweza kuanza hivi:

Baba yenu yu lindoni,
Taa ipo dirishani,
Moyo hauna amani,
Ila subira ninayo.

Ubeti huo si wa kupelekwa kwenye mashindano. Faida yake ni kwamba umesema kweli. Mama hakudai kwamba ana amani, maana hana. Amesema alicho nacho, yaani taa na subira. Mtu akitafuta silabi nane za kueleza hofu yake, kwa muda huo hofu haimwendeshi yeye, bali yeye ndiye anayeipima. Na pengine atagundua katika kupima kwamba jambo aliloliona halina ukubwa wa mwisho lina kipimo.

Yafaa kutenga muda mfupi kila siku, kabla ya kulala au baada ya sala, wala si lazima uzidi robo saa. Asomaye asome kwa sauti ya chini na bila haraka, akipumzika mwishoni mwa kila mshororo. Ubeti mmoja uliokaririwa barabara unafaa kuliko kitabu kizima kilichopitiwa mbio, kwa kuwa uliokaririwa utamfuata askari hadi lindoni, na mama hadi katika foleni ya hospitali. Akitaka kutunga, aanze na jambo dogo alilolishuhudia siku hiyo, kama vile harufu ya mvua, sauti ya mtoto, au kiti cha rafiki aliyeondoka. Mambo makubwa ya vita yasiharakishwe. Yatakuja yenyewe, nayo yasipokuja, yasivutwe kwa nguvu.

Msikilizaji naye ana wajibu. Mume akimsomea mkewe ubeti aliouandika, huo si wakati wa kumsahihishia vina wala wa kumhoji kama polisi kituoni. Atosheke kuitikia, kama walivyoitikia wale waliomzunguka mghani wa Ankole. Na watoto wakiwapo, wachaguliwe mashairi ya umri wao.

PASIPOTOSHA SHAIRI

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba maneno matamu si lazima yawe mema. Mwaka 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda ilitumia nyimbo pamoja na matangazo ya chuki, na watu wengi wakauawa. Kwa hiyo kila shairi lipimwe kwa swali moja: je, linamrudisha mtu kuutazama moyo wake, au linamwonyesha jirani wa kumchukia? La kwanza huleta amani. La pili liachwe, hata vina vyake viwe vimenyooka kama rula.

Ya pili ni kwamba shairi halichukui nafasi ya mganga. Mtu asiyelala kwa majuma, anayeona tena yaliyopita kana kwamba yanatokea sasa, anayekunywa pombe ili asahau, au anayefikiria kujiua, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na silaha isiwe karibu naye. Kwenda kwa daktari, kwa kasisi au kwa shehe si aibu kwa askari, kama isivyo aibu kwenda kufungwa bendeji. Ubeti wake atakwenda nao, na pengine ndio utakaomsaidia kumweleza daktari lile ambalo hakuweza kulisema.

Jioni, katika nyumba za askari wa Mbarara na katika vibanda vya Nakivale, watu hufunga milango na kubaki na yale waliyoyabeba mchana kutwa. Hakuna shairi litakalomrudisha aliyekufa au kuijenga upya nyumba iliyochomwa. Lakini baba aliyezoea kusema si kitu akiweza, usiku mmoja, kuhesabu silabi nane za kweli na kuzisoma mbele ya mkewe, nyumba hiyo itakuwa imepata jambo ambalo mshahara haununui. Kesho yake wataongeza kipande cha pili.